Friji ya Shofere

Alizaliwa wapi, baba yake nani, babu yake aliingia Kasongo na msafara wa nani, hayo waulize ndugu zake. Wao wanayapenda maneno hayo. Mimi ninachojua ni mtu mwenyewe. Kasongo ilikuwa na mashofere wengine, na wengine wazuri tu, lakini ukisema "Shofere" bila kuongeza neno, hata wauza sombe, mboga ya majani ya mihogo, sokoni walijua ni yule wa lori la kijani, kamiyo tunavyosema sisi, yule aliyekuja kuishi ndani ya gari lake kama watu wanavyoishi ndani ya nyumba.

Mimi nina kibanda cha kuchaji simu karibu na soko. Umeme wa mji hatuna, kila mtu anajitafutia wake, na mimi ninajitafutia kwa gurupu, hiyo jenereta ndogo ya mafuta. Inapiga kelele mpaka muadhini amenigombeza mara tatu. Watu wananiita Mama Chaji, na nimeshazoea. Kwa sababu ya kazi hiyo Shofere aliniona mjuzi wa umeme wote wa dunia, na kwa sababu hiyo mimi pia nina sehemu yangu katika yaliyotokea. Nasema mapema, usije ukafikiri nimekaa hapa kumsema mtu mwingine tu.

Alikuwa mfupi. Alikalia mto ili aone barabara vizuri, na ole wako umtanie juu ya ule mto. Kamiyo aliiosha kabla ya kujiosha mwenyewe. Wakati wa swala alitandika mkeka mbele ya magurudumu, barabarani kabisa, akisema mwizi akitaka kuondoka na gari atalazimika kwanza kumkanyaga yeye, na huyo Mungu atamwona. Matope aliyatukana, lakini kwa adabu. Nilimsikia kwa masikio yangu, tukiwa tumezama mpaka kwenye ekseli: "Mama, umeshakula tairi mbili, umeshiba. Sasa tuache tupite."

Neno lake kubwa lilikuwa moja: "Panda, nafasi iko." Ukimkuta mtu amesimama kando ya njia ya Kabambare, huyo mtu amesimama siku nyingi. Gari linaweza kupita leo, na lingine wiki ijayo, au lisipite. Ukimwacha, atatembea kwa miguu na mzigo kichwani, labda na mtoto mgongoni. Kwa hiyo huku kwetu dereva anayepita bila kubeba watu anabaki na aibu ambayo haifutiki hata akijenga msikiti. Wengine walibeba kwa sababu ya hiyo aibu. Shofere alibeba kwa sababu alishindwa kufanya vingine. Nilisafiri naye mara moja kwenda kwenye matanga, na ndani ya kabini tulikuwa sita, na nilipakata kuku wa mtu nisiyemjua siku mbili nzima. Juu ya mizigo kulikuwa na wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila na magodoro yao, baiskeli, mbuzi, na mzee mmoja aliyebeba mlango. Mlango, nakwambia! Mbele yetu akatokea mwanamke na magunia mawili. Nikasema, "Shofere, haki ya Mungu, huyu atakaa wapi?" Alikuwa ameshakanyaga breki.

"Panda, mama. Nafasi iko."

Nyumbani sasa, huyo huyo alikuwa bahili wa kutupwa. Anakukaribisha bugali, unamega tonge la tatu, anazima taa, anasema mdomo wako unajua njia. Kiberiti alikificha chini ya kitanda. Mke wake alikuwa akicheka mpaka machozi, akituambia, "Mumusamehe, huyu ukarimu wake anaumalizia barabarani."

Huyo mke tulimwita Mama, sisi wote mtaani, hata sisi ambao si wadogo sana. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa sindano kila siku. Na hapo ndipo ulipomwona Shofere mwoga. Mtu aliyepitisha kamiyo juu ya magogo mawili, mto unanguruma chini yake, alikuwa anageuza uso ukutani Mama akijichoma sindano. Halafu macho ya Mama yakaanza kufifia kwa ugonjwa ule ule, akawa hasomi tena vile vistari vya bomba la sindano. Binti yao ameolewa mbali, na watoto wao wawili wa kiume wako Salamabila kwenye mashimo ya dhahabu, wanarudi tu wakiugua. Nani atamchoma? Shofere alijifunza. Alifanya mazoezi kwenye papai kwa wiki nzima, jasho linamtoka. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyemgusa mke wake kwa sindano.

Dawa yenyewe, insulini, inataka baridi. Ikipata joto siku nyingi inakufa ndani ya chupa yake, na kwa macho huwezi kujua. Mama aliiweka ndani ya chungu. Muuguzi mmoja ndiye aliyemfundisha: chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, katikati mchanga, na kitambaa kilicholowa juu. Unamwagia maji mchanga asubuhi na jioni, unakiweka kivulini penye upepo. Kilikaa nyuma ya mlango wake miaka na miaka. Ukitia mkono ndani, unasikia baridi kama ya kisimani, na Mama hakuwahi kukosa dawa nzuri. Shofere alikionea haya hicho chungu. Wageni wakija alikifunika na kitenge. "Dawa ya maabara," alikuwa akisema, "ndani ya chungu ya sombe! Watu watatuonaje?"

Basi, macho ya Mama yalipoharibika, hakuweza kubaki peke yake wiki tatu Shofere akiwa njiani. Nilimwambia Shofere aache barabara, alime. Alilima, msimu mmoja. Alipanda mihogo mistari miwili iliyonyooka kama njia ya magurudumu, halafu nikawa namwona mchana amekaa ndani ya kamiyo iliyosimama, mikono kwenye usukani, anatazama ukuta wa jirani. Siku moja akaja kibandani akasema, "Mama Chaji, nitamubeba. Nitamujengea nyumba juu ya gari." Akajenga kweli, nyuma ya kabini: chumba cha mbao, kitanda, dirisha lenye pazia, mahali pa jiko, na msumari wa kutundikia leso ya Mama. Mji mzima ulikuja kutazama. Mama mwenyewe aliingia akipapasa, akashika pazia, akasema, "Maua gani haya?" Akaambiwa ni mekundu. Akafurahi sana.

Kilichobaki ni dawa. Mfanyabiashara mmoja alimletea kutoka Bukavu friji ndogo, ya kutumia batri, ukubwa wa sanduku la sabuni. Sasa friji itakula umeme wa wapi, siku ishirini porini? Kwa swali hilo Shofere alikalia benchi langu karibu miezi mitatu. Mtu wa kuamua haraka barabarani, mbele ya friji akawa kama amefungwa macho. Alimwuliza imamu. Alimwuliza fundi cherehani. Aliwauliza vijana wa pikipiki, ambao kila mmoja alimpa jibu lake, na wote kwa kelele.

"Chukua gurupu," nilimwambia. "Mvua au jua, gurupu itawaka."

"Gurupu inakunywa mafuta, na mafuta nitaweka wapi? Chini ya kitanda ya Mama, na watu wanavuta sigara juu? Tena ina kelele. Njia ya Salamabila ukiwasha ile kitu umeita wenye bunduki wote, uwakaribishe na chai."

"Basi tumia batri ya gari. Ukiendesha, inajaa yenyewe."

"Nikiendesha, ndiyo. Na nikizama? Mwaka jana nilikaa siku tisa pahali pamoja. Friji itamaliza batri, kesho kamiyo haiwaki. Hapo nimepoteza vyote viwili."

"Basi pano za jua, hizo paneli za umeme."

Akatazama juu, siku hiyo lilikuwa jua kali la kiangazi.

"Pano haziombi kitu," akasema. "Zinakaa tu juu ya paa. Hazina kelele. Wewe unaonaje?"

Nikasema naona sawa. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilimchagulia na batri ya kuhifadhi, nikamfungia waya mwenyewe, pano mbili nyeusi zimelala juu ya paa la chumba cha Mama, skrubu nane kila moja. Tulifikiria mvua, tulifikiria mawingu, tulifikiria miti inayofunika njia. Tulipiga hesabu ya vyote hivyo. Watu hatukuwafikiria.

Asubuhi ya kuondoka Mama alitoka na chungu chake amekikumbatia, mchanga unamwagika kwenye leso. Akasema, "Niwekee na hiki pembeni." Shofere akasema, "Friji iko, chungu ya nini tena? Kitapasuka kwa matuta." Na mimi, mjuzi, nikaongeza mzaha wangu: "Mama, unataka kubeba mchanga mpaka Kabambare? Kule hakuna mchanga?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Akanipa mimi kile chungu, akasema, "Basi unitunzie. Usiache kikauke." Sauti yake ya siku hiyo ninaisikia hata sasa, na mzaha wangu pia ninausikia.

Kiangazi kilikwenda vizuri. Safari ya kwanza waliporudi Shofere hakwenda hata kuoga, alikuja moja kwa moja kibandani na chupa ya maji. "Kunywa." Nikanywa, meno yakaniuma kwa baridi. Alicheka akapiga mapaja. Safari ya pili vile vile, na ya tatu. Mama alinenepa kidogo. Alinisimulia alivyowajua watu wa njiani kwa sauti zao, na jinsi Shofere alivyomweleza kila kilima, hata vilima ambavyo si kitu. Nilidhani tumeshinda.

Kisha mvua.

Yaliyotokea sikuyapata kwa Shofere. Niliyapata kwa mama mmoja muuza unga wa mihogo, aliyekuja kuchaji simu akaanza kusimulia safari yake bila kujua mimi ni nani kwao. Walizama kabla ya kijiji cha Wamaza, njia ya Kabambare. Gari lilikaa pale siku kumi na moja. Juu kulikuwa na watu zaidi ya thelathini, maana Shofere hakumwacha mtu, na mvua iliwanyeshea wote. Magunia ya mihogo yalilowa. Nguo zililowa. Kila siku jua lilitoka kwa muda wa saa moja au mbili, si zaidi, na likitoka watu walitafuta pahali pakavu pa kuanika. Chini matope, kando majani yenye maji. Juu ya paa kulikuwa na zile pano mbili, bapa, nyeusi, zinazoshika moto upesi.

"Dada, zile zilikuwa zinakausha!" akaniambia yule mama, na mikono yake ikanionyesha upana wake. "Saa moja tu, muhogo unalia kakaka. Tulipeana zamu. Asubuhi muhogo, kisha nguo za watoto."

Nikamwuliza Shofere alisema nini.

"Alikuja akatazama. Akasema, 'Zile kitu zinataka jua.' Sisi tukasema, baba, na sisi tunataka jua. Mutoto wangu alikuwa anatetemeka. Mama yule kipofu akaita toka ndani, 'Waache wakaushe, kesho jua litatoka tena.' Basi tukaanika."

Siku ya nne taa nyekundu ya friji ikawaka. Shofere akaunganisha batri ya kamiyo, nayo ikaisha kwa siku mbili. Wakafunga chupa kwa leso iliyolowa, wakaning'iniza dirishani, lakini chupa zilikuwa zimeshakaa ndani ya lile sanduku lililozimika, chini ya paa la moto, bila mtu kujua kwa muda gani. Shofere alimchoma mkewe kila asubuhi na kila jioni, kama kawaida, kwa uangalifu wake wote. Sindano zilikuwa za bure. Mama akashikwa na kiu. Akanywa, akatapika, akanywa. Akawa anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na maneno yake yakapotea.

"Alikuwa anauliza chungu," yule mama akasema. "Kila saa, chungu yangu iko wapi, mumwagie maji. Tukafikiri ni homa tu."

Wanaume walitengeneza machela kwa ule mlango? Hapana, mlango ulikuwa safari nyingine; ninachanganya. Walilichukua lile godoro la Mama lenyewe, wakalifunga kwa fito, wakambeba mabegani kuelekea Wamaza. Wote walibeba kwa zamu, yule mama alisema, hata wanawake, hata wale walioanika mihogo. Hakufika. Akamaliza kusimulia, akaniuliza simu imejaa asilimia ngapi, na mimi nikashindwa kuisoma.

Hasira yangu sikujua niiweke wapi. Kwa Shofere? Angewaambia nini wale watu, waondoe nguo za mtoto anayetetemeka? Kwa yule mama? Alianika muhogo wake, ndiyo kula yake. Nilitazama gurupu langu linavyonguruma nikatamani kulipiga teke. Nyumbani, kile chungu kilikuwa nyuma ya mlango wangu, nacho nilikuwa nakimwagia maji asubuhi na jioni kama nilivyoahidi. Niliweka nyanya ndani. Zilikaa wiki mbili bila kulegea, na kila nilipotia mkono nilichukua nyanya yangu upesi nikakifunika.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu, kiangazi. Shangazi yangu alikuwa amefariki Kabambare, nikapanda pikipiki, na asubuhi tulipofika Wamaza nikamwambia dereva asimame. Kamiyo ya kijani ilikuwa pale pembeni, mahali peupe, hakuna mti. Magurudumu hayakuwepo tena. Ilikalia magogo. Baada ya mazishi ya Mama waliivuta mpaka hapo, na Shofere hakuiwasha tena. Kaburi liko nyuma kidogo tu, unaliona ukiwa dirishani, lile dirisha lenye pazia la maua mekundu.

"Asalam aleikum, Shofere."

"Mama Chaji." Hakushangaa. Alikuwa amekonda, ametoka kupangusa pano kwa kitambaa safi. Zilikuwa zinang'aa, hakuna hata vumbi. Mwanamke mmoja alikuja kuacha simu, maana watu wa hapo anawachajia simu bure, na kwa kutojali akatupa kitenge chake juu ya ukingo wa paa. Shofere alimpigia kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Toa! Toa kitu yako pale juu!" Yule mwanamke akatoa akakimbia. Mimi nikatazama chini, maana niliona haya kwa ajili yake.

Akaniingiza chumbani. Kitanda kimetandikwa, leso iko kwenye msumari. Akafungua friji.

"Weka mukono."

Nikaweka. Ndani hapakuwa na kitu, hata chupa moja.

"Iko baridi?"

"Iko baridi, Shofere."

"Jua la hapa ni zuri. Toka asubuhi mpaka jioni. Haijazima hata siku moja, mwaka sasa."

"Basi uwape watu wa zahanati, wao wana dawa za watoto."

"Waliomba. Nilikataa." Akafunga kile kifuniko polepole. "Hii ni ya Mama."

Nje dereva wangu alipiga honi. Nikaaga, nikawa nimeshashuka, ndipo akanishika mkono. Alikuwa ananitazama usoni, na nikajua swali kabla hajaliuliza. Nikajua pia kwamba amelibeba muda wote huo, na kwamba hana mwingine wa kumwuliza duniani isipokuwa mimi.

"Ile chungu," akasema. "Ile yake. Bado inapoesha?"

Mimi si mwongo. Nina makosa mengi, lakini sokoni watajua kukuambia, Mama Chaji simu ikiwa nusu anasema nusu.

"Ilipasuka, Shofere," nikasema. "Zamani. Wiki ile ile mulipoondoka. Ilikuwa na ufa chini, hatukuuona. Hata mungeibeba isingefaa kitu."

"Wiki ile ile?"

"Wallahi."

Aliniachia mkono. Akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ndogo, akakaa juu ya gogo mbele ya kamiyo, akaufunika uso kwa kile kitambaa cha pano. Sikujua kama amesadiki. Nikapanda pikipiki nikaenda kwenye matanga yangu.

Niliporudi Kasongo sikuvua hata viatu. Nilitoa nyanya, nikazipanga mezani. Nikakibeba chungu cha Mama mpaka nyuma ya nyumba, na mchanga wake, na maji yake ya asubuhi aliyonimwagia binti yangu, nikakiinua nikakipiga kwenye jiwe. Kilikuwa kizima, hakikuwa na ufa popote. Nilichuchumaa kuokota vipande, na kila kipande kilikuwa baridi.